Mmerudi safari, hizo picha na zawadi mnazifanyaje? Mwongozo wa kushea kumbukumbu za safari za gari

Safari ya gari kwenda kuona sehemu maarufu ina utamu wake jamani, mnasimama mnapotaka, mnabishana njia, mnaimba, mnafika mnapiga picha, af mnarudi na simu zimejaa na mfuko wa vitu mlivyonunua, na kwa watu wengi stori inaishia hapo. Miezi michache baadae ukiuliza hii sumaku ya friji tuliitoa wapi kila mtu anataja sehemu yake, na picha zipo ndio ila zimezama katikati ya skrinshoti na picha za risiti. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu za safari ni mali. Mi msimamo wangu ni kwamba watu wanachokitaka kutoka kwako ni stori, kitu chenyewe ni cha kuishikia hiyo stori tu, kwahiyo kitu kimoja kidogo chenye maelezo yake kinalizidi begi zima la vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka. Ndo maana hatua nyingi hapa chini utazifanya kabla hujarudi, na moja unaifanya hata kabla gari halijawashwa.

Hatua ya 1: Linganisheni saa kabla ya kuondoka

Hii inaonekana ndogo ila itakuokoa sana. Simu zinajirekebisha saa zenyewe mkivuka kwenda eneo lenye saa tofauti, kamera za kawaida nyingi hazijirekebishi, so mkija kuunganisha picha za watu wote zinachanganyika, picha ya jioni inakaa kabla ya picha ya asubuhi na hakuna anayeelewa mlianzia wapi. Dawa yake rahisi: kila mwenye kamera apige picha ya kioo cha simu moja kinachoonyesha saa na sekunde. Mkirudi, unaangalia ile picha inasema saa ngapi na kamera imerekodi saa ngapi, tofauti unayoiona ndo unayoisogezea picha zote za kamera ile kwenye programu ya picha, zote kwa mpigo.

Piga pia picha ya dashibodi ikionyesha kilomita za gari mwanzo wa safari na uje upige tena mkirudi. Na tafuteni ramani ya barabara ya karatasi, hata kama mnaongozwa na simu njia nzima, kila jioni mtu achore kwa kalamu nene mlipopita siku hiyo. Ramani ya namna hiyo mwisho wa safari inakuwa ndo kitu kizuri kuliko vyote mlivyorudi navyo, na haipatikani dukani maana imechorwa na nyie.

Hatua ya 2: Andika siku hiyohiyo, usisubiri

Hapa ndo penyewe, ukiruka hatua nyingine zote fanya hii. Mchagueni mtu mmoja awe mweka kumbukumbu, mpeni daftari dogo na penseli. Nasema penseli kwasababu maandishi yake hayafifii kwa mwanga na daftari likilowa hayasambai kama wino.

Aandike nini? Asiandike historia ya mahali, hiyo ipo kila kona. Ukienda Mount Rushmore, ule mlima wa South Dakota kule Marekani, kwamba zile nyuso nne za marais kila moja ina urefu wa kama mita 18, kwamba uchongaji ulianza 1927 ukaisha 1941, mtu anayapata hayo kwenye simu yake kabla hujamaliza sentensi. Asichoweza kukipata popote ni nani kati yenu alisema nini mlipofika pale, hali ya hewa ilikuwaje, na kitu gani kiliwashangaza ambacho hamkukitegemea. Haya matatu yanatosha: nani alisema nini, mwili ulisikia nini (baridi, upepo, harufu, miguu kuuma), na mshangao ulikuwa upi.

Ona tofauti. Lebo ya kwanza: "Grand Canyon, Julai." Lebo ya pili: "Grand Canyon, ukingo wa kusini, jua linazama. Baba alizima redio akasema hebu shusheni vioo tusikilize. Kimya mpaka mdogo wetu akauliza kwani huko chini kuna watu wanaishi." Ya pili imechukua dakika moja kuandikwa, na mtu akiisoma hata miaka ishirini mbele gari zima linarudi, unamsikia baba, unamsikia mtoto. Na tena lile swali la mtoto linakufungulia stori nyingine, maana Grand Canyon ni korongo kubwa kule Arizona, Marekani, na chini kabisa ya korongo lile ambako gari halifiki kuna kituo kinaitwa Phantom Ranch, na barua zinazotumwa kutokea kule zinapandishwa juu kwa nyumbu wa mizigo (yule mtoto wa punda na farasi) na kugongwa muhuri unaosema zimetumwa kwa nyumbu kutoka chini ya korongo. Swali la mtoto na huo muhuri ukiviweka pamoja tayari una stori ya kumsimulia mtu yeyote akakusikiliza mpaka mwisho.

Kama hampendi kuandika, tumieni sauti. Mkishapanda gari kuondoka mahali, kabla ya kuwasha muziki, rekodini dakika moja tu, kila mtu aseme kitu kimoja, watoto waanze maana wakubwa wakianza watoto wanarudia walichosikia. Zimeni feni ya gari na fungeni vioo, la sivyo mtakuja kusikia upepo tu. Hizi sauti zina nguvu kuliko picha, hasa za wazee, mtu akiwa hayupo tena ndo utaelewa ninachosema.

Hatua ya 3: Chagua vitu ambavyo mahali penyewe pameweka alama yake

Kikombe na fulana vyenye jina la sehemu vinatengenezwa popote, sisemi msinunue, ila kama unataka kitu chenye uzito tafuta kinachobeba tarehe na mahali. Postikadi ni mfano mzuri sana. Kadi ya posta ya kwanza rasmi ilitoka Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, na mnara wa Eiffel ulipofunguliwa 1889 watu walikuwa wananunua kadi zenye picha ya mnara wakiwa palepale mnarani wanawaandikia ndugu zao. Mpaka leo inafanya kazi vilevile: andika postikadi kwa bibi, kwa rafiki, af moja ujitumie mwenyewe nyumbani, maana ule muhuri wa posta una tarehe na jina la mji, ni ushahidi ambao huwezi kuununua baadae. Watu hawaamini ila mtu akipokea kadi ya mkono siku hizi anaitunza.

Kuna mihuri ya bure pia. Hifadhi za taifa za Marekani tangu 1986 zina kijitabu kama pasipoti, kila kituo cha wageni unagonga muhuri wenye jina la hifadhi na tarehe ya siku hiyo, kijitabu unanunua ila kugonga hulipii, na ukikosa kijitabu gonga kwenye daftari lako la safari. Sehemu nyingi duniani zina utaratibu unaofanana na huo, we uliza mapokezi tu.

Halafu zile sarafu zinazobanwa kwenye mashine zikawa bapa na picha juu yake, zilianza kupata umaarufu kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893. Kwa wanaotumia senti moja ya Marekani kuna siri moja, senti za kabla ya 1982 ni shaba karibu yote kwahiyo zikibanwa zinatoka na rangi safi, zilizofuata ndani ni zinki na ndo maana zinatoka na michirizi ya kijivu. Hivo weka zile za zamani kwenye kopo dogo kabla ya safari. Ila nchi nyingine kuharibu sarafu ni kosa, kwahiyo soma maelekezo ya mashine, nyingi zinatoa kipande chake zenyewe.

Hatua ya 4: Jua cha kuacha palepale

Hili nalisema kwa moyo wote. Usichukue jiwe, mchanga, kipande cha ukuta, mmea wala mfupa. Sio kwamba kipande kimoja kitaimaliza sehemu, ni kwamba kila mgeni anajiambia hivohivo.

Kule Arizona kuna hifadhi ya Petrified Forest, imejaa magogo ya zamani sana yaliyogeuka mawe yenye rangi. Kila mwaka watu wanarudisha kwa posta vipande walivyochukua, na wengi wanaambatanisha barua za kuomba radhi. Sasa ubaya ni kwamba vile vipande haviwezi kurudi mahali pake, maana hakuna anayejua vilitoka wapi hasa na kuvitupa popote ni kuharibu kazi ya wanasayansi, kwahiyo vinamwagwa kwenye lundo moja pembeni. Uluru, ule mwamba mkubwa wa Australia, napo mawe yanarudi kwa posta hivohivo.

Linganisha na hii ya Stonehenge, ule mduara wa mawe makubwa ya kale kule Uingereza. Mwaka 1958 wakati wa ukarabati walitoboa jiwe mojawapo kubwa, na fundi mmoja akabaki na mche wa jiwe (kipande kirefu cha mviringo kama fimbo) uliotoka mle, akahama nao mpaka Marekani, na akaurudisha 2018 akiwa mzee. Kwasababu ilijulikana kabisa umetoka jiwe gani, wataalamu waliupima na 2020 wakatangaza kwamba mawe mengi makubwa ya pale yalitokea msitu wa West Woods, kama kilomita 25 hivi kutoka hapo. Vyote ni vipande vya mawe vilivyokaa kwenye nyumba za watu, ila kimoja kilikuwa na maelezo yake na vingine havikuwa nayo.

Na kuna sheria. Sardinia kule Italia kuchukua mchanga wa ufukweni, kokoto au makombe ni faini inayoweza kufika euro 3,000, watu wanakamatwa na chupa za mchanga wakiwa wanaondoka. Matumbawe, magamba ya kasa, pembe za ndovu na baadhi ya makombe makubwa yanabanwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, ule wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliokubaliwa 1973, kwahiyo hata kama muuzaji kakwambia hakuna shida, ukifika mpakani shida ni yako. Udongo, mbegu na mbao zenye magome nazo nchi nyingi hazitaki. Ukiwa na wasiwasi na kitu, usikinunue.

Kuacha vitu ni vilevile. Zile kufuli za wapenzi kwenye daraja la Pont des Arts Paris zilijaa mpaka kipande cha ukingo kikaanguka 2014, mwaka uliofuata zikaondolewa na zilikuwa tani 45 hivi. Kama unataka kuacha alama yenu, andikeni kwenye kitabu cha wageni, na upige picha ukurasa wenu.

Hatua ya 5: Linda vitu ndani ya gari

Gari lililoegeshwa juani linakuwa oveni. Tiketi na risiti nyingi siku hizi ni za karatasi ya joto, haina wino kabisa, ni kemikali inayobadilika rangi, kwahiyo ukiiacha juu ya dashibodi unaikuta imekuwa nyeusi yote, na ukiiweka kwenye mwanga muda mrefu maandishi yanapotea inabaki karatasi nyeupe. Piga picha kila tiketi siku hiyohiyo. Kisha chukua boksi moja gumu lenye mfuniko, liweke chini ya siti, ndani yake bahasha moja kwa kila siku ya safari yenye tarehe juu. Jioni tiketi, kadi, sarafu, vyote vya siku hiyo vinaingia kwenye bahasha yake. Basi, hilo ndo jambo zima.

Hatua ya 6: Chuja picha kabla ya kutuma

Hakuna anayetaka picha mia tatu kwenye grupu la familia, hata mama yako anayekupenda sana anaangalia ishirini za mwanzo anaweka simu chini. Kila mahali chagua picha tatu: moja inayoonyesha mahali penyewe, moja ya watu, na moja ya kitu kidogo ambacho wengine hawakipigi, labda viatu vyenye vumbi, ramani kwenye mapaja, kibao cha barabara. Kama mmepita Route 66 kule Marekani, ile barabara ya 1926 iliyotolewa kwenye orodha rasmi ya barabara kuu 1985, nembo yake imechorwa kwenye lami yenyewe sehemu nyingi, picha ya nembo hiyo inasimulia safari kuliko picha ya watu wamejipanga. Egesheni gari nje ya barabara kwanza na mtu mmoja awe anaangalia magari, tafadhali.

Kila picha uliyochagua ipe kapsheni kutoka kwenye daftari. Sentensi mbili zinatosha.

Hatua ya 7: Tuma kwa namna inayomfaa anayepokea

Wenzako mliosafiri pamoja wanataka picha zenyewe kwa ubora wake, kwahiyo fungueni albamu ya pamoja onlaini kila mtu apakie zake, au tumeni kama dokyumenti, maana ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na inapoteza ile taarifa ya tarehe na mahali. Wasiokuwepo wao wanataka hizo chache zenye kapsheni. Na wazee, mi nakuomba, wachapishie. Picha kumi za karatasi zenye maneno nyuma zitapita mikono yote ya nyumba ile.

Kuhusu kuposti kwa watu wote, subiri mrudi. Ukiposti mkiwa njiani unatangaza kwamba nyumbani hakuna mtu. Angalia kama namba ya gari inaonekana, kama tiketi ina msimbo unaoweza kuskaniwa, na kama kuna watoto wa watu wengine kwenye picha, uliza wazazi wao kwanza au kata. Na ukikuta sehemu ndogo nzuri ambayo haina njia wala uzio, posti picha ila lokesheni kamili iache, sehemu kama hizo zinakanyagwa zikaisha ndani ya muda mfupi zikishasambaa.

Hatua ya 8: Gawa zawadi kwa mtu, sio kwa idadi

Kununua vishikio vya funguo dazeni moja vinavyofanana na kugawa kila mtu chake ni rahisi, ila mpokeaji anajua. Andika majina kabla ya safari, kila jina ukiona kitu kinachomhusu ndo unanunua, na usipokiona mtumie postikadi, sio lazima kila mtu apate kitu cha kushika. Unapompa mwambie ilikuwaje: "Shangazi, tulipofika pale tulikuta bibi mmoja anashona huku anaimba, nikakukumbuka, nikasema hiki ni chako." Hiyo sentensi iandike kwenye kikaratasi ukifunge kwa uzi kwenye zawadi, usitumie stika ya gundi maana inaacha alama na ikibanduka maelezo yamepotea.

Hatua ya 9: Kaeni chini msimulie

Wiki moja au mbili baada ya kurudi, kabla mambo hayajafifia, waiteni watu wachache. Tandaza ile ramani mezani katikati, weka vitu vya kila kituo juu ya sehemu yake, na muanze na swali sio na picha: mnadhani ni sehemu gani tuligombana? Watu watanyoosha vidole kwenye ramani wenyewe. Waache washike vitu, waulize, na asimulie yule ambaye kitu ni chake, hata kama anasimulia polepole na wewe unaijua stori vizuri kuliko yeye. Chezesha sauti moja mliyorekodi kwenye gari. Nusu saa inatosha, wakitaka zaidi watasema, na ile sehemu waliyouliza sana andika, maana ndo utakayoianza siku ukisimulia tena.

Kama kuna aliyesafiri na akakumbuka jambo tofauti na daftari, msibishane, ongezeni kumbukumbu yake kwenye ukurasa huohuo na jina lake pembeni.

Hatua ya 10: Weka pa kudumu

Folda moja kwa safari moja, jina lianze na mwaka, mwezi, af siku, kama 2024-07-15, hivo zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. Bekapu iwe nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba yako au onlaini. Daftari lote lipige picha ukurasa kwa ukurasa uliweke kwenye folda hiyohiyo. Albamu za karatasi chagua zisizo na asidi, na zile za plastiki zenye harufu kali ziepuke, aina hiyo ya plastiki inashikana na picha na kuziharibu. Nyuma ya picha andika taratibu bila kukandamiza, la sivyo maandishi yanatokeza upande wa mbele.

Kisha rudi kwenye daftari uangalie majina ya waliowasaidia njiani, yule aliyewapiga picha mkiwa wote, fundi aliyewabadilishia tairi, kiongozi wa watalii aliyewapa muda wake. Kama mlichukua mawasiliano yao watumieni picha ile waliyomo na maneno mawili ya shukrani, na fanyeni hivyo wiki hiyohiyo mliyorudi, wakiwa bado wanawakumbuka.